Matengenezo ya Seva za Barua Yapangiwe Siku

TANGU tarehe 14 Oktoba, 2025, matoleo mawili ya mtambo wa barua pepe unaotumika katika maofisi mengi ulimwenguni, Exchange Server 2016 na Exchange Server 2019, yamefikia mwisho wa kuhudumiwa kwa kawaida na kampuni iliyoyatengeneza, Microsoft ya Marekani. Maana yake si kwamba barua zimesita. Barua zinakwenda na kurudi kama zamani, na huko ndiko iliko hatari yenyewe, kwani nahodha hashtuki maadamu chombo kinaelea. Maana yake ni kwamba likigunduliwa tundu jipya katika programu hizo, wezi watalijua upesi na mwenye seva hatakuwa na cha kuzibia, isipokuwa yule aliyelipia nyongeza ya muda mfupi, au aliyekwisha kuhamia toleo jipya lililotolewa Julai, 2025.

Tunaligusa jambo hili leo kwa sababu linawahusu wakuu wa serikali na wenye biashara visiwani zaidi kuliko linavyowahusu mafundi. Fundi anajua la kufanya, au akiuliza ataambiwa. Asichokuwa nacho ni mamlaka ya kuizima seva ya wizara, ya shirika au ya hoteli kwa saa kadhaa ili aifanyie matengenezo. Mamlaka hayo yamo mikononi mwa mkuu, na mkuu mara nyingi hajui kwamba anayo, wala hajawahi kuulizwa. Kwa hivyo mwezi hupita, na mwaka hupita. Barua za zabuni, hati za malipo, maagizo ya karafuu, majina ya wageni na namba za pasi zao, vyote hivyo huendelea kupitia katika mtambo ambao hakuna aliyeamuru uangaliwe.

Inafaa ieleweke kwanza kwamba programu ya seva si kitu kinachonunuliwa kikiwa kimekamilika. Mtengenezaji huendelea kuirekebisha, na marekebisho ya Exchange ni ya namna mbili. Kuna sasisho la usalama, ambalo ni kiraka kidogo cha kuziba matundu yaliyogunduliwa. Kuna na toleo jumuishi, ambalo hukusanya marekebisho yote yaliyotangulia na kuibadilisha karibu programu nzima. Hadi mwaka 2022 matoleo jumuishi yalikuwa yakitolewa kila robo mwaka. Kisha utaratibu ukawa mara mbili kwa mwaka. Jambo la kuzingatia ni kwamba kiraka kidogo hutengenezwa kwa ajili ya matoleo jumuishi ya karibuni tu. Kiraka cha tanga hakishoneki juu ya tanga lililooza.

Jambo hilo dogo, ambalo wakuu wengi hulisikia kama lugha ya mafundi, ndilo lililoamua nani angeweza kujikinga upesi na nani asingeweza katika mwezi wa Machi, 2021.

Tarehe 5 Januari mwaka huo, watafiti wa kampuni ya DEVCORE ya Taiwan waliiarifu Microsoft kuhusu matundu waliyoyaona katika Exchange. Mwezi huo huo wa Januari, walinzi wengine wa mitandao waliona dalili kwamba kulikuwa na watu walioanza kuyatumia kwa siri. Microsoft ilitoa viraka vya matundu manne tarehe 2 Machi, wiki moja kabla ya siku yake ya kawaida, na ikasema kwamba kundi lililotangulia kuyatumia lilikuwa likiendesha kazi zake kutoka China. Serikali ya China ilikana. Lililofuata lilikuwa kubwa zaidi, kwani mara tu habari ilipotoka, makundi mengine mengi yaliingia mbio kuzitafuta seva ambazo bado hazijazibwa, na zilizoingiliwa zilifikia makumi ya maelfu. Mamlaka ya Benki ya Ulaya ilibidi izime barua zake ichunguze. Bunge la Norway lilitangaza kwamba taarifa zake zilichukuliwa.

Sasa ofisi mbili zitazamwe katika wiki ile. Ya kwanza ilikuwa imeweka toleo jumuishi la karibuni. Fundi wake alikipata kiraka, akakiweka jioni moja, akawasha tena mashine, akaanza kuchunguza kama mwizi alikwisha kuingia. Ya pili ilikuwa nyuma kwa matoleo matatu au manne. Kiraka kilipotoka, kwake hakikuwa na pa kushika. Ilibidi kwanza aweke toleo jumuishi, kazi ya saa nyingi inayotaka programu nyingine za chini yake nazo ziwe mpya, inayobadilisha hata daftari kuu la majina ya watumishi, na ambayo ikikwisha kufanyika hairudishwi nyuma. Kazi hiyo, ambayo ingefanywa kwa utulivu usiku mmoja wa Novemba, ilifanywa Machi huku milango ikigongwa. Tarehe 8 Machi Microsoft iliwahurumia walio nyuma ikatoa viraka vya muda kwa matoleo ya zamani, lakini siku sita zilikwisha kupita, na siku sita katika jambo kama hilo ni umri mzima.

Haraka nayo ilizaa balaa lake. Baadhi ya mafundi walikibofya kiraka kama mtu anayefungua picha, bila ya kukiendesha kwa madaraka kamili ya msimamizi wa mashine. Kiraka kikajionyesha kimemaliza kazi salama, kumbe baadhi ya mafaili hayakubadilishwa, na ukurasa wa kusomea barua ukakataa kufunguka. Onyo la jambo hilo lilikuwamo katika maelezo ya mtengenezaji. Lakini nani husoma maelezo saa nane za usiku, mkurugenzi akipiga simu kila baada ya robo saa?

Wala kuziba tundu hakukuwa kumtoa mwizi aliyekwisha kuingia. Wavamizi walikuwa wakiacha ndani ya seva faili dogo la kurudia, mfano wa ufunguo uliofichwa chini ya jamvi. Hata baada ya wiki kadhaa yalikuwapo mengi ambayo wenyewe hawakuyaondoa, mpaka Aprili, 2021 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likapata idhini ya mahakama ya Texas kuyafuta katika mamia ya kompyuta ndani ya nchi hiyo. Tunalitaja kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba mpango wa matengenezo humalizika kwa kuweka kiraka. Saa za uchunguzi baada ya kiraka nazo ni sehemu ya kazi, na zinatakiwa ziwemo katika ruhusa anayopewa fundi.

Itakuwa dhuluma, hata hivyo, kuwasema wanaoahirisha kana kwamba ni wavivu tu. Hofu ya matengenezo ina sababu zake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, 2022, seva za Exchange katika nchi nyingi ziliacha kupeleka barua kwa kosa la mtengenezaji mwenyewe. Sehemu ya kukagua virusi ilikuwa ikiandika tarehe kama namba moja ndefu, nayo chumba ilichowekewa hakiwezi kuchukua zaidi ya 2,147,483,647. Mwaka ulipogeuka, namba ikawa 2,201,010,001. Haikuingia, kikaguzi kikaanguka, na barua zikapanga foleni bila ya kutoka. Hazikupotea; zilisubiri mpaka mafundi walipoitwa kutoka katika sikukuu zao. Ofisi iliyokuwa na jina la mtu wa zamu katika siku ya mapumziko ilipona mapema kuliko isiyokuwa nalo.

Lakini hofu isiyopimwa nayo huua. Mwisho wa Septemba, 2022 yalitangazwa matundu mengine mawili katika Exchange. Mtengenezaji alitoa kwanza njia ya kuyapunguza makali, kisha tarehe 8 Novemba akatoa viraka vyenyewe. Kampuni ya Rackspace ya Marekani, iliyokuwa ikikodisha huduma ya Exchange kwa wateja wapatao 30,000, ilibaki na njia ya kupunguza makali na kuviahirisha viraka, kwa kuwa ilisikia kwamba vinaleta hitilafu katika kuwatambua watumiaji. Tarehe 2 Disemba ikavamiwa na kundi lenye kufunga mafaili na kudai fidia. Wateja wakabaki bila ya barua, na huduma ile haikufunguliwa tena. Kampuni ile ilikuwa na mafundi wa kutosha, na bila shaka walijadiliana. Ila kuogopa kiraka ni sababu ya kukijaribu kwanza katika mashine ya pembeni, si sababu ya kukiweka kabatini.

Kisa hicho kinawajibu pia wale wanaosema kwamba dawa ya yote ni kuhamishia barua zote katika seva za kukodi ng'ambo. Kwa ofisi nyingi ndogo huenda ikawa dawa kweli, na hatuipingi. Lakini wateja wa Rackspace walikuwa wamekwisha kukabidhi kazi hiyo kwa mwingine, na kilichowapata kiliwapata. Anayekodi huihamisha kazi. Wajibu wa kuuliza inafanywa lini hubaki kwake. Tena zipo ofisi zilizohamisha masanduku ya barua na kuacha seva moja nyumbani ya kuunganishia, kisha zikaisahau, kama mtu aliyehama nyumba akaacha dirisha la uani wazi. Na barua za serikali zilale wapi ni swali la sera, ambalo si haki kumtupia fundi.

Tuje kwenye mazingira yetu. Kalenda ya viraka inajulikana: Microsoft hutoa vyake Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Hapa kwetu huwa saa mbili ya usiku, au saa tatu wakati wa majira yao ya baridi. Kwa hivyo asubuhi ya Jumatano inayofuata, ofisa wa TEHAMA aliyepangiwa kazi vizuri hufungua ukurasa wa matangazo akaona kama kuna kinachomhusu. Si kila mwezi huwa kipo. Kikiwapo, hukijaribu Jumatano na Alkhamisi, akakiweka Ijumaa usiku, Jumamosi ikabaki ya kurekebisha lililoharibika. Viraka vya dharura havingoji Ijumaa. Hivyo viwekewe kanuni yake mapema, ya nani anaruhusu kwa simu.

Matoleo jumuishi yanataka maandalizi zaidi, na kwa wakaazi wa visiwani yanataka zaidi kuliko kwa wengine. Faili lake ni kubwa, kiasi cha gigabaiti sita, nalo halipakuliwi usiku huo huo wa kazi. Tarehe 12 Mei, 2024 nyaya mbili za baharini za mawasiliano, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, ikadhoofika kwa siku kadhaa. Anayepanga kazi huku hupakua wiki moja mbele, akalihakiki faili kwamba limefika zima, akaliweka ndani ya seva kabla ya kumwambia mtu yeyote siku ya kuzima.

Umeme nao tunaujua. Waliokuwapo Unguja kuanzia tarehe 10 Disemba, 2009 hadi Machi, 2010 hawahitaji kuelezwa maana ya waya wa Fumba kuharibika. Waya mkubwa zaidi uliongezwa mwaka 2013, lakini umeme kukatika kwa saa moja bado si ajabu, na saa moja inatosha. Mtambo uliokatikiwa katikati ya kubadilishwa huweza kubaki si wa zamani wala si mpya. Kwa hiyo betri za akiba zipimwe kabla kwa kuzibebesha mzigo wa kweli, na jenereta iwe na mafuta na mtu wa kuiwasha, ambaye hajaondoka saa tisa na nusu na ufunguo mfukoni.

Kwa kuwa toleo jumuishi halirudishwi nyuma, kimbilio la pekee ni nakala rudufu. Hapa tungependa kuwa wakali kidogo. Ofisi nyingi zitakujibu kwamba nakala zipo. Ukiuliza ni lini mara ya mwisho nakala hiyo ilipofunguliwa na sanduku moja la barua likarudishwa lote na kusomeka, utapata kimya. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu, na tumaini halipaswi kuandikwa katika taarifa ya ukaguzi kama mali iliyopo. Ofisi yenye seva mbili zinazosaidiana ina nafuu, kwani moja hutolewa kazini ikatengenezwa huku ya pili ikibeba mzigo, kisha zikabadilishana. Yenye seva moja haina budi kukubali kuzima.

Na ni neno hilo, kuzima, ndilo linalowatisha wakuu. Tumesikia mara nyingi hoja kwamba ofisi haiwezi kukaa saa nne bila ya barua, kwa kuwa barua muhimu itapotea. Hoja hiyo haina msingi. Kanuni ya kimataifa ya upelekaji wa barua pepe inaielekeza seva inayotuma, ikikuta mlango umefungwa, iihifadhi barua na kuendelea kujaribu, na muda inaoutaja kabla ya kukata tamaa kwa kawaida ni siku nne au tano. Barua iliyotumwa usiku wa matengenezo itafika asubuhi. Seva iliyovamiwa ni habari nyingine, kwani hiyo huzimwa kwa wiki, na ikiwashwa hakuna ajuaye ni barua gani zilikwisha kusomwa.

Siku ya kuzima iwe na akili ndani yake. Isiwe mwishoni mwa Juni, wahasibu wanapofunga vitabu. Isiwe wiki ambayo wizara inajibu maswali katika Baraza la Wawakilishi, wala mkesha wa Idi, wala kwa wenye hoteli isiwe katikati ya msimu wa wageni wa Julai na Agosti au wa Disemba. Katika Ramadhani, saa za baada ya futari ndizo watu wengi hurudia shughuli zao, kwa hiyo anayedhani usiku wote ni mmoja ajiulize tena. Ukiziondoa siku hizo zote bado zinabaki Ijumaa nyingi, na matoleo yenyewe ni mawili tu kwa mwaka.

Lipo na suala la fedha, ambalo haliwezi kufichwa. Mwenye Exchange Server 2019 aliyekuwa akienda na wakati anaweza kuhamia toleo jipya juu ya mashine ile ile, kwa kazi isiyotofautiana sana na ya kuweka toleo jumuishi. Mwenye Exchange Server 2016 hana njia hiyo. Atahitaji mashine mpya yenye Windows Server ya karibuni, aisimamishe kando ya ile ya zamani, ahamishe masanduku kidogo kidogo, kisha aizime ya zamani. Kunahitajika kununua, na ununuzi wa serikali una hatua zake ambazo haziharakishwi kwa kelele. Kifungu cha fedha hakina budi kuingia katika makisio kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, la sivyo fundi atakuwa anaomba mwezi wa Septemba kitu ambacho hakuna aliyekikadiria. Katika ofisi za namna hiyo seva ya zamani isiachwe wazi kwa ulimwengu mzima wakati inasubiri. Ukurasa wake wa kusomea barua uzuiliwe kwa walio nje ya mtandao wa ofisi, ingawa watumishi watanung'unika.

Tunapendekeza basi kwamba kila Katibu Mkuu, na kila mkurugenzi wa shirika, atie saini waraka mmoja unaotaja toleo lililomo ndani ya seva yake hivi leo, siku mbili za mwaka zilizotengwa kwa matoleo jumuishi, jina la ofisa mwenye ruhusa ya kuzima wakati wa dharura, na jina la atakayeshika nafasi yake akisafiri. Ofisa huyo asiwe yule yule anayeitwa kutoa karatasi zilizokwama katika mashine za kuchapia. Mwenye hoteli au duka aliyempa kazi hiyo mkandarasi wa nje adai siku hizo ziandikwe ndani ya mkataba, na kila baada ya kazi aletewe taarifa ya maandishi inayotaja toleo lililowekwa na matokeo ya uchunguzi uliofuata.

Tangazo kwa watumishi halihitaji zaidi ya mistari mitatu, nalo libandikwe ubaoni wiki moja kabla: seva ya barua itazimwa Ijumaa saa nne ya usiku, itarudi Jumamosi kabla ya saa sita za mchana, mwenye jambo lisilongojeka apige simu kwa mtu wa zamu, ambaye jina lake ni hili.